Jinsi ya kumrekodi bibi au babu kuhusu zile enzi asizotaka kuziongelea

Mbukwenyi ndugu zangu. Hii naiandika kwa mtu ambaye kwao amebaki bibi mmoja au babu mmoja aliyeona mambo, halafu kila ukimuuliza habari za enzi za mkoloni au enzi za chama kimoja anakujibu "tuliishi tu mjukuu wangu" na hapohapo anakuuliza umeshakula. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo Dodoma, sio msomi wa historia, nimeishia form four, lakini kwa miaka mitatu hii nimemrekodi bibi yangu na mdogo wake marehemu babu, nina kama saa kumi na moja za sauti, na nimekosea sana, kwa hiyo nikikuandikia we utayakwepa angalau nusu.

Sisi sio familia ya wakubwa. Baba yake babu alifyeka pori Kongwa kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, babu alikuwa mtu wa gengi relini, yaani wale wa kukaza boliti na kubadilisha mataruma juani kutwa nzima, bibi amelima uwele na mtama maisha yake yote. Vitabuni watu kama hawa wanaandikwa kwa jumla tu, "wananchi", "wafanyakazi", basi. Usipowarekodi wewe hakuna mtu atakuja kupiga hodi.

Babu alifariki sijamrekodi hata dakika moja. Usiku wa pili wa msiba wazee wawili waliofanya naye kazi relini walikaa pale kwenye moto wakaanza kusimulia mgomo wa 1960, wanacheka, wanabishana, mara wananyamaza, na mimi nilikuwa nazungusha chai kwa hiyo nikasikia vipandevipande, simu iko ndani kwenye chaji. Mmoja wao naye hakumaliza mwaka.

Sasa kabla hujaenda kwa mzee kwanza jua miaka. Sio uende kumtungia mtihani, hapana, ni ili akitaja jambo we ujue uko wapi. Kwa sisi wa huku kati mimi niliandika nyuma ya daftari hivi: reli ya Mjerumani ilifika Dodoma 1910. Njaa ya Mtunya 1917 mpaka 1920, ile iliyokuja baada ya majeshi ya Mjerumani na Mwingereza kupitia Ugogo wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, wazee wa sasa hawakuiona lakini mama zao waliwasimulia na bado wanaitumia kama kipimo, ukisikia "kama Mtunya" ujue hali ilikuwa mbaya kweli. Karanga za Kongwa 1947 mpaka 1951. TANU 1954, uhuru 1961. Azimio 1967. Operesheni Dodoma 1970 na 1971, watu wakahamishiwa vijijini, na kuanzia 1973 ikawa amri ya nchi nzima kwamba mpaka 1976 kila mtu wa shamba awe kijijini, na hiyohiyo 1973 ndo ikaamuliwa makao makuu yaje Dodoma. Katikati ya miaka ya 70 njaa ya yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Vita ya Kagera 1978 na 1979, halafu foleni za sukari na sabuni. Msako wa wahujumu uchumi 1983, Sokoine akafariki Aprili 1984 akitoka hapahapa Dodoma. Vyama vingi 1992. Inatosha, ukiongeza zaidi ya hapo utaanza kujifanya mwalimu.

Kosa langu la kwanza, na hili ndo kubwa, niliuliza siasa. Nilikaa chini nikamwambia "bibi, nyie mliipingaje serikali?" Aliniangalia kama nimemtukana. "Nani amekwambia tulipinga? Sisi tulikuwa watu wa kawaida." Mahojiano yakafia hapo, dakika nne na sekunde kadhaa, nimeyatunza mpaka leo kama ukumbusho wa ujinga wangu.

Baadae ndo nikaelewa kwamba kwa bibi neno kupinga ni la watu wenye majina, waliopanda majukwaani. Yeye alichofanya hakiiti kupinga, anakiita ukaidi, au anakiita njaa, au hana jina lake kabisa. Kwa hiyo uliza vitu. Uliza mtama ulikuwa unawekwa wapi. Wiki mbili baada ya lile jibu la kwanza nilimuuliza "hivi kule nyumba ya zamani kilindo cha mtama kilikaa upande gani?" Akanionyesha kwa mkono upande wenyewe, kama vile tuko ndani ya lile tembe, afu bila kuulizwa akasema, kilibaki. Kilibaki vipi? Kilibaki, lori lilijaa. Na hapo ndo nikapata saa nzima ya habari ya jinsi yeye na shemeji yake walivyokuwa wanarudi usiku kutoka kijiji kipya, kwenye zile nyumba za mistari, kwenda kama wezi kuchota mtama wao wenyewe kule walikotolewa, na jinsi walivyokuta wenzao wa kaya tatu nyingine nao wako hukohuko gizani, wakacheka mpaka wakaogopa kusikika. Mpaka leo hiyo haiiti upinzani. Anasema tulifuata chakula.

Vitu vingine ambavyo kwangu vilifungua mdomo: ng'ombe walikuwa wangapi na walikuwa kwa nani (huku Ugogo ng'ombe wako wengi wanaweza kuwa wamelala kwa mjomba Bahi na kwa rafiki Manyoni, na huo utaratibu wa kufugiana ulikuwepo tangu zamani, ila akikuambia mwaka fulani babu "aligawa" wengi kwa mpigo, uliza mwaka huo nani alikuwa anakuja kuhesabu). Kodi ililipwa kwa kuuza nini. Nyapara alikuwa anaitwaje kwa siri, maana kila nyapara alikuwa na jina la siri, na mengine ni machafu, vumilia. Nyimbo gani ziliimbwa shambani msimamizi akiwa mbali na zikabadilishwa vipi akikaribia. Redio ya kwanza ilikuwa ya nani. Nguo aliyovaa siku ya kuhama. Bibi yangu hakumbuki tarehe ya kuhama lakini anakumbuka kanga aliyokuwa amejifunga na kwamba ilichanika kwenye bodi ya lori.

Na kuhusu tarehe, usimuulize mwaka. Muulize alikuwa na mtoto gani mgongoni. Hii nimeigundua kwa bahati tu na sijaona kitu kinachofanya kazi kama hiki. "Nilikuwa na baba yako mkubwa mgongoni na shangazi yako yuko tumboni." Haya, baba mkubwa ana cheti cha ubatizo, shangazi ana kadi ya kliniki, umeshapata mwaka na karibu hata mwezi. Kwa wanaume ni ngumu kidogo, wao wanakumbuka kwa ng'ombe na kwa mabosi, "enzi za yule mzungu mwenye mguu", hapo utahangaika.

Neno udikteta nalo liache nje mlangoni na viatu. Mimi nina maoni yangu kuhusu mkoloni na nina maoni yangu kuhusu miaka ya chama kimoja, lakini ukutani kwa bibi kuna picha ya Mwalimu, iko pale kabla mimi sijazaliwa, na bibi huyohuyo tembe lake liliezuliwa ili asirudi. Anampenda na anauma kwa wakati mmoja. Kuna mjukuu mwenzangu, msomi wa chuo, alikuja siku moja akataka kumlazimisha achague, bibi kweli ulikuwa utawala wa mabavu au haukuwa, bibi akaanza kukohoa, akasema amechoka. Hakuwa amechoka. Akiondoka yule kijana tuliongea mpaka magharibi.

Kuna sababu wazee wanashusha sauti hata leo, na ukiijua utakuwa mpole. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mahakama ilipitishwa 1962. Mwaka huohuo kukawa na sheria iliyofanya mgomo halali uwe kitu cha kutafuta kwa tochi. Januari 1964 jeshi liliasi, na baada ya hapo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, vyama vyao vikafutwa ikabaki NUTA peke yake chini ya mbawa za TANU. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na kwenye kila nyumba kumi pakawa na balozi. Balozi wa bibi alikuwa jirani, mtu mwema, alikuja na kuni kwenye msiba wa mama mkwe, na ndo huyohuyo aliyetakiwa kujua nani kalala wapi. Unategemea mtu aliyeishi hivyo miaka zaidi ya ishirini akuropokee tu kwa sababu umewasha simu?

Na hii ilinisaidia kuelewa kitu kuhusu babu kilichokuwa kinanisumbua. Mgomo wa reli wa 1960 ulikuwa dhidi ya mkoloni, siku 82, chama chao cha TRAU kiliusimamia na kina Kasanga Tumbo, ni kitu cha kujivunia, ungetegemea babu angetamba nao kila Saba Saba. Hakutamba. Maana miaka minne tu baadae viongozi wa vyama wako ndani, na mtu aliyejulikana kuwa mgomaji hodari jana, leo wanajiuliza atagomea nani kesho. Kwa hiyo babu alikunja mgomo wake akauweka chini ya godoro.

Angalau ndivyo nilivyoamini kwa mwaka mzima, mpaka bibi aliponiambia habari nyingine.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu litakukuta na wewe. Kwenye ukoo wetu babu ni shujaa wa mgomo, shangazi alishawahi kusimama harusini akasema hivyo kwenye kipaza sauti. Siku moja nachambua mlenda na bibi, simu iko juu ya kinu inarekodi, akaniambia taratibu kabisa kwamba mwezi wa tatu wa mgomo, mtoto wao wa kwanza akiwa na homa haishuki, na duka lililokuwa linawakopesha limeshafunga daftari, babu alitoka usiku akaenda kwa yule msimamizi wa kambi akaomba arudi kazini. Akarudi. Wenzake walikuwa bado wamegoma. Mgomo uliisha siku chache tu baadae lakini zile siku chache zilitosha, akapewa jina, na jina lile lilimfuata kambini mpaka alipoacha reli. Mtoto alikufa hata hivyo. Bibi alisema yote hayo huku anachambua, hakuacha hata jani moja.

Sasa utafanya nini na kitu kama hicho? Nitakuambia nilichofanya mimi. Sikusema chochote palepale, sikusema "pole bibi" mara moja, nilinyamaza, na kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuuliza. Alipomaliza nikamuuliza swali moja tu, mtoto alikuwa anaitwa nani, maana kwenye ukoo hatajwi. Akanitajia. Halafu nikaenda kwa babu mdogo kumsikiliza na yeye bila kumwambia bibi kasema nini, hili ni muhimu sana, usibebe maneno ya mzee mmoja kumpelekea mwingine kama mgambo. Babu mdogo akasema kaka yake hakurudi kazini kabla ya mgomo kuisha, ila kuna mtu wa jina linalofanana na lake alirudi na watu wakachanganya. Hizo ndo habari mbili. Nimeziweka zote mbili, kila moja na sauti ya aliyeisema, tarehe niliyorekodi, na sijachagua. Nina ninayoiamini, lakini kazi yangu haikuwa kuhukumu, na mjukuu atakayekuja baada yangu anaweza akasikia kitu kwenye sauti zao ambacho mimi sikukisikia.

Ukitaka kupima kumbukumbu na maandishi inawezekana. Magazeti ya Kiswahili ya wakati ule kama Mwafrika na Ngurumo yaliandika mambo ya wafanyakazi, na Nyaraka za Taifa wana mafaili ya wilaya tangu Mjerumani. Lakini nenda huko baada ya kumsikiliza mzee. Ukisoma kwanza utamsahihisha, na mzee akisahihishwa na mtoto anafunga.

Kuhusu vyombo sina mengi. Simu yako inatosha, ile rekoda iliyokuja nayo, saa nzima inakula kama meg 60 hivi. Usirekodi kwa voisi ya WhatsApp, inabana sauti, na usipoihifadhi pembeni inapotea na simu. Zima mtandao kabisa ili usipigiwe katikati, mimi niliwahi kupigiwa na mteja wa gauni pale bibi anapofika kwenye lori, hakurudi tena kwenye lori kwa miezi miwili. Adui yetu Dodoma ni upepo. Kuanzia mwezi wa sita hivi ukikaa nje unapata vuuu vuuu tu, kwa hiyo kaa upande wa nyumba usiovuma, visha simu soksi nyepesi, kweli soksi, inasaidia. Ndani nako angalia mvua kwenye bati. Kuku watoe, jogoo wetu yupo kwenye karibu kila faili. Simu iweke karibu na mdomo wake kuliko wako. Mwanzoni kabla ya chochote sema tarehe, mahali na nani yupo, kwa sababu baada ya mwaka hutakumbuka, unajidanganya tu kwamba utakumbuka.

Mwambie unarekodi. Kila mara. Najua kuna watu wanawasha kimyakimya ili mzee awe huru, mimi sikubali, watu hawa wamechunguzwa vya kutosha. Bibi nilimwambia siku ya kwanza kwamba akisema zima nazima, na mara tatu amesema zima nikazima, na nilichoambiwa simu ikiwa imezimwa hakipo humu na hakitakuwepo. Mara nyingine anasema "washa hiyo simu yako mke mwenzangu, hili nataka lisikike." Ndo utajua umefika.

Lugha mwache aongee anayotaka. Bibi anaanza Kiswahili, akifika kwenye uchungu au kwenye matusi anahamia Kigogo, na mimi Kigogo changu ni cha mjini, nusu napita nayo. Usimrudishe. Utatafuta mtu wa kukusaidia kutafsiri baadae, mimi namtumia mama mmoja wa sokoni anayetoka upande wa kwao, nampa faili nasikiliza naye pamoja, ila hapo ujue umeongeza sikio la tatu, kwa hiyo uliza ruhusa tena.

Na sasa majina. Aliyewaonyesha wenye lori nyumba zipo wapi ana wajukuu, na mmoja wa hao wajukuu anaweza akawa fundi wako wa pikipiki. Kwenye maandishi mimi naweka herufi tu, majina kamili yapo kwenye daftari moja kwenye sanduku. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, sitajifanya mwanasheria, ila hata bila sheria akili tu inatosha. Nililijua hili kwa maumivu. Nilikata sekunde arobaini za bibi anacheka kuhusu kufuata mtama usiku, nikaziweka kwenye grupu la ukoo nikidhani watu watafurahi, na ndani ya zile sekunde alikuwa ametaja jina la mtu mmoja kwa kupita tu. Kumbe yule mtu ni baba mzazi wa mkwe wa binamu yangu. Kufika jioni kuna watu wawili wameondoka kwenye grupu, mmoja amenipigia kunifokea, na bibi, ambaye hana hata simu ya kupangusa, amepelekewa maneno kwamba anachafua watu. Nilienda kupiga magoti. Siku hizi hakuna kinachotoka bila bibi mwenyewe kukisikia mpaka mwisho.

Karatasi zitafute, zipo. Wazee wetu hawatupi kitu chenye muhuri. Angalia kwenye sanduku la bati, nyuma ya picha iliyo kwenye fremu, ndani ya Biblia au msahafu, kwenye mfuko wa koti la mtu aliyekufa. Mimi nimepata risiti za kodi, kadi ya TANU ya bibi (ya babu haipo, na kila mtu ana maelezo yake kwa nini haipo), na kipande cha baba yake babu, ile kadi ya kibarua yenye visanduku vya siku thelathini, ukimaliza visanduku vyote ndo mshahara wa mwezi unatoka, na siku nyapara hajatia alama ni kama hukuamka. Kwenye kile kipande kuna visanduku vitupu mfululizo. Babu mdogo anasema baba yao alikuwa anaumwa. Huko nyuma kuna mwaka 1947 mgomo ulianzia bandarini Dar es Salaam mwezi Septemba ukapanda na reli kuja huku bara, na mimi natamani visanduku vile viwe vya mgomo, natamani sana, lakini kadi haionyeshi mwezi, imechakaa pale pale. Kwa hiyo nimeandika "visanduku vitupu" na nikaishia hapo. Jizuie na wewe.

Tafadhali sana usipeleke hizo karatasi kwenye laminesheni. Najua ndo ugonjwa wetu, kila cheti tunalamineti, lakini karatasi ya zamani ikipashwa moto ndani ya plastiki umeiua na huwezi kuitoa tena. Piga picha mchana karibu na dirisha bila flashi, weka sarafu pembeni ili saizi ionekane, piga mbele na nyuma hata kama nyuma hakuna kitu. Picha za zamani andika nyuma kwa penseli laini, kalamu inapenya. Halafu bahasha ya kawaida ya khaki, ndani ya sanduku, na sanduku juu ya matofali, mchwa wa Dodoma hawasomi lakini wanapenda sana historia. Sauti na picha ziwe sehemu tatu, simu, fleshi kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine kabisa, na moja mtandaoni kwenye akaunti ambayo neno lake la siri analijua mtu zaidi ya wewe.

Kwa wenzangu wa Kongwa mna kitu cha ziada. Kuanzia 1964, kwenye yale majengo yaliyobaki ya karanga na pembeni yake, walipewa makambi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia, Msumbiji, Angola na Zimbabwe, vijana waliokimbia makaburu na udikteta wa Mreno, na wakaishi na nyie miaka. Kuna bibi zenu waliowapikia, waliowauzia pombe, waliozaa nao. Watoto wengine walibaki wakati baba ameondoka na jina lenyewe alilokuwa anatumia halikuwa la kwao. Ukimrekodi bibi wa hivyo, hayo mambo ya baba usiyaanze wewe. Anza na chakula walichokuwa wanapenda wageni. Kama kuna la kusema atafika.

Kuandika yote uliyorekodi ni kazi kubwa kuliko kurekodi, dakika kumi za bibi zinanila saa nzima na zaidi. Usiandike neno kwa neno kila kitu kama huna muda, andika orodha ya dakika: dakika ya 3 kilindo, dakika ya 11 shemeji anaanguka, dakika ya 19 kimya kirefu. Kimya kiandike. Kwenye faili la mtoto aliyekufa kuna kimya cha karibu dakika moja na nusu unasikia majani ya mlenda tu.

Ukimaliza rudi ukamsikilizishe. Watu wengi hii wanairuka wakati ndo tamu kuliko zote. Bibi mara ya kwanza kujisikia alisema "huyu mwanamke anaongea sana, nani huyu", tukacheka. Kisha akasikiliza kwa makini, kidole juu, na pale kwenye habari ya mtama akanisimamisha. "Sio kaya tatu. Zilikuwa nne. Ya nne nilimficha kwa sababu mwenyewe alikuwa hai nilipokuwa nakusimulia. Amezikwa mwezi uliopita. Sasa muweke." Nikawasha rekoda upya, nikasema tarehe, mahali, na nani yupo.

Jumamosi hii naenda Kigwe kwa babu mdogo, sukari kilo mbili, tumbaku yake, na betri ya akiba maana mara ya mwisho simu ilizima anaanza tu kuniambia kwa nini kadi ya TANU ya kaka yake haipo.